Maji ya Bwana Legeza

Katika chumba cha upasuaji namba mbili, daktari bingwa alikuwa na neno moja alilolipenda kuliko hata chai ya saa nne, na neno hilo lilikuwa "legeza". Alilisema akifungua tumbo, alilisema akifunga tumbo, na inasemekana siku moja alilisema akiwa bado ananawa mikono, mgonjwa mwenyewe hajaingizwa. Utumbo ukimteleza, mgonjwa anabana. Damu ikimrukia, mgonjwa anabana. Uzi ukikatika mikononi mwake mwenyewe, mgonjwa, ambaye wakati huo hajui hata kama yuko duniani, ndiye aliyebana. Kwa heshima zote anazostahili bingwa, wauguzi walimpa jina la Bwana Legeza, na katika hospitali nzima yeye peke yake ndiye hakulijua.

Anayelegeza, ukitaka kujua, si mwenye kisu bali daktari wa usingizi. Huyu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, mfupi, mpole wa sura. Miaka tisa alikuwa amekaa kichwani pa wagonjwa nyuma ya pazia la kijani, akiwalaza, akiwapumulia na kuwaamsha, nao wakizinduka wanamshukuru yule aliyewachana. Bwana Legeza hakumwita kwa jina wala kwa cheo. Alimwita kwa idara.

"Usingizi! Anabana huyu! Legeza!"

Sasa, dawa ya kulegeza misuli si kitu cha kumpa mtu ili kumridhisha mtu mwingine. Ikishaingia, mgonjwa hawezi kuinua kope wala kuvuta pumzi; mashine ndiyo inayompumulia mpaka dawa iishe mwilini. Ukimzidishia kwa sababu tu kuna bwana mwenye kisu amenuna, operesheni itaisha, bwana atakwenda kunywa chai, na wewe utabaki na mtu aliyefumba macho akisubiri misuli yake ikumbuke kazi. Mwaka wake wa kwanza mwanamke huyu alikubali kila alipoambiwa alegeze. Mzee mmoja wa ngiri alikaa kwenye mashine mpaka saa tisa alasiri, wanawe wamejipanga mlangoni wakiuliza kama baba bado yupo.

Baada ya siku hiyo akagundua maji.

Alichukua bomba la sindano, akalijaza maji ya chumvi yale yale yanayoning'inia kwenye dripu ya kila mgonjwa, akalitia alama nyekundu ili asilichanganye na kitu, akaliweka kwenye trei upande wa kushoto. Mkononi mwa mgonjwa alifunga kile kijimashine kinachotekenya neva kwa umeme mdogo mara nne mfululizo. Kidole gumba kikiruka mara nne, misuli iko macho; kisiporuka kabisa, imelala fofofo. Kama kweli mgonjwa alibana, alimpa dawa ya kweli. Lakini mara nyingi kidole hakikuwa na habari, misuli imelegea kama nguo kwenye beseni, na bado Bwana Legeza anafoka. Hapo ndipo alipoinua lile bomba lenye alama nyekundu juu ya pazia, lionekane vizuri, akasukuma.

"Imeingia, daktari."

Nusu dakika haipiti, sauti inatoka upande wa pili, laini, ya mtu aliyetendewa haki: "Ahaa! Sasa hivyo ndivyo! Umeona tofauti?"

"Nimeona, daktari."

Hakuna dawa iliyowahi kufanya kazi haraka kiasi hicho. Miaka minane maji yale yalituliza hasira, yaliokoa muda na hayakumdhuru mgonjwa hata mmoja. Muuguzi mkuu wa chumba kile, mama mmoja mkavu wa maneno aliyekuwa akipanga vyuma mezani tangu enzi za vyuma vya kuchemsha, alilijua bomba lile. Daktari msaidizi, mtu mzima mwenye mvi aliyekuwa akihesabu miezi ya kustaafu, naye alilijua. Hata wafagiaji walilijua. Uongo wenye faida kwa kila mtu, kazini hauitwi uongo, huitwa uzoefu.

Mambo yakaenda hivyo mpaka shangazi wa daktari huyo wa usingizi akaota tezi shingoni.

Shangazi huyu, dada mkubwa wa baba yake, ndiye aliyemlea tangu mama yake afariki akiwa na miaka sita. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, watoto themanini na wanne, chumba kimoja, hana kipaza sauti wala hakihitaji. Sauti yake ilipita kuta mbili ikamkuta mwalimu wa darasa la tatu akisinzia, naye akazinduka. Nyumbani ndiye aliyesema kwa niaba ya ukoo mzima. Mdogo wake, baba wa daktari huyu, fundi saa, alikuwa ametimiza miaka hamsini na minane bila kulazimika kumaliza sentensi. Siku mpwa alipofaulu kuingia udaktari, mtaa wote ulijua kabla hajashuka ngazi. Siku alipochagua usingizi, shangazi alinyamaza siku mbili, na majirani wakaanza kuja kuuliza kuna msiba gani.

"Yaani nimekukuza ukasomee kulaza watu?" alisema siku ya tatu. "Mbona mimi nawalaza kila siku nikianza tu hesabu za kutoa."

Tezi lile lilianza kama kidonge, likawa kama limau, mwisho likawa linamkaba akilala chali. Bwana Legeza alilipapasa, akasema litoke lote, upande wa kulia na wa kushoto. Mpwa ndiye aliyekaa na shangazi jikoni kumweleza jambo ambalo Bwana Legeza hakuwa na nafasi ya kulieleza: kwamba nyuma ya tezi zinapita neva mbili, moja kila upande, nyembamba kama uzi wa cherehani, na hizo ndizo zinazoleta sauti. Ikiumia moja, sauti inakuwa ya mkwaruzo, pengine mnong'ono, pengine kwa maisha yote. Zikiumia zote mbili, si sauti tu. Koo lenyewe linajifunga, na mtu anatobolewa tundu shingoni apate kupumua.

Shangazi alisikiliza hadi mwisho, jambo la kutisha kwa namna yake.

"Kwa hiyo ziko mbili," alisema.

"Mbili, shangazi."

"Basi mwambie huyo bwana awe anahesabu. Na atakayenilaza ni nani?"

"Sheria inakataa nimlaze ndugu yangu."

Sheria hiyo ilikuwepo kweli, imebandikwa ukutani ofisini, chini ya ile nyingine isemayo hospitali iwe na madaktari watatu wa usingizi. Aliyekuwepo alikuwa mmoja.

"Wewe ndiye utakayenilaza," shangazi akasema. "Kama kuna wa kuniua, awe wa nyumbani, nijue pa kumpata."

Kwa bahati, hospitali ilikuwa imepewa mashine mpya ya kulinda neva, na Bwana Legeza alikwenda semina ya siku mbili kujifunza kuitumia, akarudi na cheti alichokitundika juu kidogo ya kile cha udaktari. Mashine yenyewe ni rahisi kuielewa. Mgonjwa anawekewa bomba maalumu la kupumulia lenye nyaya zinazogusa nyuzi za sauti. Daktari anashika kijiti cha umeme, anaigusa neva, neva ikiwa hai, nyuzi zinashtuka na mashine inalia "tii!" Ikinyamaza, simama, kuna tatizo. Sharti ni moja tu: mgonjwa asiwe na dawa ya kulegeza misuli. Akiwa nayo, nyuzi hazitashtuka hata neva ingekuwa na afya ya farasi, na mashine itanyamaza bure. Kwa hiyo anapewa kidogo mwanzoni, ya kuingizia bomba, inayeyuka yenyewe, halafu basi.

Kwa lugha nyingine, mashine ile ilikuwa imelipiga marufuku lile neno.

"Leo hakuna kulegeza, daktari," alimkumbusha asubuhi wakinawa mikono.

"Unaniambia mimi niliyekwenda semina?" akajibu Bwana Legeza.

Shangazi aliingia kwa kiti cha magurudumu akitoa maagizo. Alimwambia muuguzi mkuu kwamba shuka limekunjwa vibaya. Alimwambia daktari msaidizi apunguze tumbo. Bado alikuwa akimwuliza Bwana Legeza alipata alama ngapi za hesabu darasa la kwanza pale dawa ya usingizi ilipomkata kauli, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake mpwa akawa amemnyamazisha. Hakufurahi kama alivyodhani angefurahi. Alimwekea lile bomba lenye nyaya, akalifunga vizuri, akapima kidole gumba mpaka kiliporudi kuruka mara nne, kwa nguvu. Dawa ya kuingizia bomba ilikuwa imekwisha. Akaketi.

Nusu saa ya kwanza ilikwenda vizuri mno. Bwana Legeza alianza upande wa kulia, akaitafuta neva, akaiona, akaigusa kwa kijiti.

Tii!

Uso wake wote ulicheka nyuma ya barakoa. Aliigusa tena. Tii! Aliigusa mara saba, kama mtoto aliyenunuliwa kengele ya baiskeli, mpaka muuguzi mkuu akakohoa.

Kisha tezi likaanza ukaidi. Shingo ya shangazi ilikuwa fupi, na kipande cha tezi kilikuwa kimejificha nyuma ya mfupa wa kifua. Bwana Legeza alivuta, likagoma. Akavuta tena. Mpwa aliliona bega la shangazi likikaza kidogo, akaongeza dawa ya usingizi, ambayo ndiyo iliyoruhusiwa. Lakini alijua kinachokuja, kama mtu anavyojua chafya.

"Anabana."

"Nimemwongezea usingizi, daktari. Atatulia."

"Anabana, nasema! Legeza!"

"Daktari, tumekubaliana. Mashine haitasoma."

"Kidogo tu! Neva nimeshaiona, naijua ilipo. Kidogo cha kunisaidia, au njoo uvute wewe!" Akaweka kisu mezani. Mwaka juzi aliwahi kuweka kisu hivyo hivyo, akavua glavu, akaenda kusimama dirishani dakika kumi, tumbo la mtu liko wazi, mpaka akabembelezwa na mkurugenzi kwa simu.

Mkono wa daktari wa usingizi ulikwenda kabla ya kichwa. Ulikwenda kushoto kwenye trei, ukashika bomba lenye alama nyekundu, ukaliinua juu ya pazia.

"Imeingia, daktari. Kidogo."

Nusu dakika.

"Ahaa! Sasa hivyo ndivyo!"

Mpwa alijipongeza kimoyomoyo. Ndiyo, alijipongeza, na baadaye hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Alijiona mjanja wa kutosha kumlinda shangazi dhidi ya dawa na kumtuliza bingwa kwa mkupuo mmoja. Alikaa akaandika kwenye fomu yake mapigo ya moyo kwa mwandiko mzuri.

Dakika kama kumi zilipita. Bwana Legeza alilivuta tezi lote juu, akamwambia daktari msaidizi atie chuma, kile kinachofanana na mwiko uliopindwa, avute upande kwa nguvu. Msaidizi akavuta. Bwana Legeza akachukua kijiti, akaigusa neva.

Kimya.

Akaigusa tena, juu kidogo. Kimya. Kwenye skrini mstari ulinyooka kama meza.

Mpwa alisimama. Bwana Legeza hakustuka hata chembe. Aligeuza macho kwa huruma kuelekea nyuma ya pazia.

"Si kitu," alisema. "Dawa ya Usingizi hiyo. Kila siku mnazidisha. Neva naiona kwa macho yangu, nyeupe, nzima. Tunamaliza hapa twende upande wa pili. Vuta, msaidizi."

Katika chumba kile cha watu wanne wenye macho, daktari wa usingizi ndiye aliyekuwa na hakika kuliko wote kwamba mwilini mwa shangazi hakukuwa na dawa ya kulegeza hata tone. Alilitazama bomba la kupumulia: halijasogea. Nyaya: zimekaa. Akabonyeza kijimashine cha mkononi. Kidole gumba cha shangazi, kile kilichowahi kumfinya sikio mara nyingi tu, kiliruka mara nne, imara. Misuli ilikuwa macho. Kilichonyamaza ni neva yenyewe, na kilichokuwa kikiinyamazisha ni ule mwiko wa chuma, ukizidi kuivuta wakati yeye anafikiri.

"Daktari, kidole kinaruka mara nne. Dawa haipo."

"Umempa sasa hivi, nimeona kwa macho yangu. Kidole ni kidole, koo ni koo."

Semina ilifundisha kinyume, kwamba koo huamka kabla ya kidole, lakini hilo lilifundishwa siku ya pili baada ya chakula cha mchana.

"Basi usivute kwanza. Nimpe ya kuiondoa, tusubiri."

"Mpe. Mimi naendelea."

Hapo, kusema kweli, mlango ulikuwa wazi. Angejaza bomba jingine maji, akalisukuma kama dawa ya kuondoa dawa, akahesabu dakika tatu nne, halafu akasema kwa sauti ya kitaalamu, "Imeondoka yote, daktari, tazama neva." Uongo wa pili ungeufunika wa kwanza, na heshima ya kila mtu ingebaki ilipokuwa. Hata alinyoosha mkono kwenye trei. Kilichomzuia ni zile dakika tatu nne. Msaidizi alikuwa anavuta.

Na mlango mwingine ulikuwa wazi zaidi: kukaa chini. Hatari ya kupoteza sauti ilikuwa imeandikwa kwenye fomu, na shangazi aliisaini kwa mwandiko wa ubaoni. Hakuna ambaye angemwuliza. Familia ingelia, naye angelia nao. Na Bwana Legeza angekwenda upande wa kushoto akiwa na imani tele, avute huko nako, na shangazi angeamka na tundu shingoni.

Macho yake yakakutana na ya muuguzi mkuu juu ya barakoa. Mama yule alijua bombani mlikuwa na maji, na alikuwa akingoja kuona yule binti wa miaka yote hii ni mtu wa namna gani.

Mawazoni mpwa alimwona shangazi amesimama mbele ya watoto themanini na wanne, kinywa wazi, hakitoki kitu, nao wameinua nyuso wakisubiri.

"Toa chuma," alisema. "Yalikuwa maji."

"Nini?"

"Ile sindano, daktari. Yalikuwa maji ya chumvi. Sijampa dawa. Hiyo neva imenyamaza yenyewe, tunaiua hapa tulipo. Toa chuma, na upande wa pili usiuguse."

Mkono wa daktari msaidizi ulilegea wenyewe kabla ya amri. Bwana Legeza alisimama, kijiti kikiwa hewani, na kwa muda ambao haukuwa mrefu kama ulivyoonekana, mtu angeweza kumwona ndani yake mwenye cheo akigombana na daktari. Daktari akashinda, na tumpe haki yake, alishinda haraka.

"Toa kila kitu," alisema. "Rudisha tezi mahali pake. Kitambaa chenye maji ya vuguvugu. Tunasubiri dakika ishirini."

Wakasubiri. Dakika ishirini ni nyingi kwa watu waliosimama wanaangaliana juu ya shingo iliyo wazi. Mashine ya kupumulia ilipanda na kushuka. Saa ya ukutani ilikuwa na mshale wa sekunde unaopiga kelele, na hakuna aliyewahi kuusikia kabla ya siku hiyo.

"Ni mara ya kwanza?" Bwana Legeza aliuliza, macho kwenye saa.

Angeweza kusema ndiyo. Alikuwa amechoka kuweza.

"Hapana, daktari."

"Tangu lini?"

"Miaka minane."

Msaidizi aliitazama dari kana kwamba ina maandishi.

"Yule mwenye bandama iliyopasuka?"

"Huyo alipewa ya kweli. Alibana kweli."

"Yule wa utumbo uliojisokota? Nilikwambia mara tatu."

"Maji. Mara tatu."

"Mke wa mkurugenzi?"

"Maji, daktari."

"Yule niliyewaonyesha wageni, nikawaambia..." Alikuwa amewaambia wale wageni sita, waliovaa kofia za karatasi, kwamba bingwa wa kweli huihisi dawa ikiingia kwa ncha za vidole.

"Maji," alisema daktari wa usingizi, taratibu kabisa, kwa sababu wakati huo hata yeye alimwonea huruma.

"Na kila mara nilisema inafanya kazi."

"Ndiyo, daktari."

"Mbele ya watu."

"Ndiyo, daktari."

Dakika ya kumi na mbili aliigusa neva: kimya. Ya kumi na sita: kimya. Mpwa aliushika mkono wa shangazi chini ya shuka, jambo lisilo na maana yoyote kitabibu, na alikuwa anaogopa kama hajawahi kuogopa tangu siku ile ya utoto alipoambiwa mama hatarudi kutoka wodini. Dakika ya ishirini Bwana Legeza alishusha pumzi, akagusa.

Tii.

Ilikuwa sauti ndogo, dhaifu, ya kitu kilichoonewa. Akagusa tena. Tii.

"Ipo," alisema. "Lakini imeumia. Namalizia kipande hiki bila kuvuta, nafunga. Upande wa pili siku nyingine, huu ukishapona." Akafanya hivyo, kwa mikono mipole ajabu, na hadi mwisho hakutamka tena neno lake.

Yale asiyoyatamka aliyaandika. Chai ya saa nne siku hiyo ilipoa wakati Bwana Legeza akimwandikia mkurugenzi barua ya kurasa mbili juu ya daktari wa usingizi anayetoa maji badala ya dawa. Ilikuwa barua ya kweli tupu. Ilisahau tu kutaja nani aliyeomba dawa siku ambayo dawa ilikatazwa. Kabla ya saa nane mchana mkurugenzi alikuwa ameamua: Jumanne kikao, na mpaka hapo daktari yule asikanyage chumba cha upasuaji, akihitajika mtu, aazimwe kutoka hospitali nyingine.

Mpwa alivua kofia ya karatasi, akaenda wodini.

Wodi ya wanawake ilikuwa na vitanda kumi na viwili, na ulikuwa wakati wa kuona wagonjwa, wageni wamejaa hadi mlangoni. Shangazi alikuwa ameinuliwa kwa mito, shingo imefungwa bandeji nyeupe, macho makali yaleyale. Fundi saa alikuwa kwenye kigoda pembeni, kofia mapajani. Bwana Legeza alikuwa ameshapita, akasema neva ilichoka, wamesimama kwa tahadhari, sauti itarudi katika wiki sita au zaidi, akaondoka bila kueleza nani aliyeichosha.

Kwa hiyo akaeleza mpwa mwenyewe. Alikaa ukingoni mwa kitanda akalisema lote kwa sauti ya chini: bomba lenye alama nyekundu, miaka minane, mkono uliokwenda kabla ya kichwa, mwiko wa chuma, na zile sekunde alizokaa akitafuta mlango wa kutokea badala ya kusema. Hakulia, aliona si haki yake kulia. Shangazi alimsikiliza bila kupepesa.

Baba yake akajikaza akasema sentensi nzima, pengine ya kwanza mwaka huo.

"Dada, usihangaike. Upande wa pili atakuja kukulaza huyo wa kuazimwa. Nimeshazungumza na wakubwa wa hospitali."

Shangazi alifungua kinywa. Kilichotoka kilikuwa hewa yenye mikwaruzo, kama kiatu kwenye mchanga. Sauti iliyozoea kupita kuta mbili haikuvuka shuka. Alijaribu tena, mishipa ikamtoka, akaacha. Kisha akamshika mpwa kiganja, akamvuta mpaka sikio likagusa midomo yake.

"Anasema nini?" aliuliza baba.

Ilikuwa rahisi sana. Hakuna mwingine aliyesikia. Angeweza kutafsiri lolote, anasema asante, anasema ana kiu.

"Anasema nisimame," alisema. "Anasema nisimame niseme kwa sauti, wodi nzima isikie, kwa sababu yeye leo hawezi."

Akasimama. Wageni wa vitanda vya jirani waligeuka. Shangazi alikuwa bado ameshika kiganja chake, kwa nguvu ya kuumiza, akimvuta na kumnong'oneza, akimwachia aseme, akimvuta tena.

"Anasema mimi ni mwongo," alisema mpwa.

"Ongeza sauti," aliagiza shangazi kwa midomo mitupu, na hilo hata baba yake alilielewa.

"Anasema mimi ni mwongo! Anasema nimedanganya miaka minane na leo nusura nimfanye bubu. Anasema hajanisamehe, na asije mtu hapa kumwambia anisamehe." Aliinama tena kusikiliza. Safari hii shangazi alinong'ona kwa muda mrefu, akipumzika katikati, na alipomaliza alifumba macho.

"Haya, anasema nini?" aliuliza baba.

"Anasema huyo wa kuazimwa arudi alikotoka. Uongo wa huyo yeye haujui. Wangu ameshaujua." Akaendelea kwa sauti ile ile, mpaka kitanda cha mwisho. "Anasema atanisubiri mimi, hata kama ni mwaka."